Simama, Alisema Afande

Kanuni ya njia ya Wanale ni moja tu, imeandikwa kwa kalamu nyekundu kwenye daftari la Afande: mguu usiguse chini. Hakuna kupimwa saa, hakuna wa kwanza wala wa mwisho. Unatoka kwenye mnara wa saa hapa Mbale, unapanda ule mlima ambao watu wengine wanautazama tu wakipiga mswaki, mpaka unafika juu kwenye senta ya ndizi, pale malori yanapopakia, na katika safari yote hiyo mguu wako haujagusa ardhi ya Uganda. Ukigusa, umekwisha. Na ukiisha huruhusiwi kugeuza ukarudi kulala. Unashuka, unaikokota baiskeli mpaka juu, na kila ukipita mlango wa mtu unalia "mee". Vijana wanaita kuchunga mbuzi. Baiskeli ndiyo mbuzi, lakini anayelia ni mchungaji, usiniulize kwa nini.

Nimechunga mbuzi mara moja. Naandika haya ili ijulikane ilikuwaje, maana huko Namatala kuna watu wanasimulia vingine.

Afande ni mwanajeshi mstaafu, mtu wa kaskazini, mrefu kama nguzo ya umeme na mkimya karibu kama hiyo nguzo, isipokuwa akiwa mlimani. Ana kibanda cha kutengeneza baiskeli Namatala, kati ya mama anayekaanga mihogo na jamaa anayechaji simu za watu. Jumamosi anafunga kibanda, anawasha pikipiki yake inayotoa moshi kuliko jiko la shule, na tunakwenda milimani, sisi mbele kwa baiskeli, yeye nyuma akipiga kelele. Hakuna aliyempa kazi hiyo. Alianza na vijana watatu wa kubeba abiria, sasa tuko kumi na moja. Kumi wana ndevu au wanadai ziko njiani. Wa kumi na moja ni mimi, msichana wa kidato cha tatu ambaye, kwa maneno ya mwalimu wa nidhamu, ana mdomo usio na breki.

Kwenye daftari kila njia ina ukurasa wake, na chini ya njia majina ya waliokubaliwa. Kuna Busiu, barabara ya Tororo, tambarare kabisa: mahindi upande huu, migomba upande ule, na teksi zinazokupita karibu hadi unaweza kusoma ujumbe kwenye simu ya abiria. Kuna Budadiri, inayopanda kama mtu anayetaka kukuomba kitu, kwanza kwa adabu, halafu ghafla. Kuna Sipi, mbali, lami safi, kona zimekunjwa kama utumbo. Ukipanda unatukana, ukishuka unatubu. Halafu kuna Wanale, ambayo iko hapa hapa juu ya vichwa vyetu, fupi kuliko zote na mbaya kuliko zote. Mahali ni lami, mahali ni changarawe, na mahali pengine ni ahadi ya mbunge.

Siku ya kwanza nilipofika na baiskeli yangu ya chuma, Afande aliniandika Busiu bila kuniuliza.

"Busiu ni njia ya wasichana," alisema.

"Wasichana wangapi wako kwenye ukurasa huo, Afande?"

Akahesabu. "Wewe."

"Basi hiyo ni njia yangu mimi, siyo ya wasichana. Na mimi siitaki."

Sikuitaka kwa sababu ya Desemba. Desemba Afande anapeleka watu Sipi, wanarudi Mbale, halafu wanashuka na baiskeli mpaka Jinja, na wanaokwenda ni wale tu walio kwenye ukurasa wa Wanale. Mimi ni mtu wa Jinja. Nilizaliwa Mafubira, nikasoma huko mpaka Baba, ambaye ni askari wa magereza, alipohamishiwa Mbale na sisi tukahamishwa pamoja naye kama masufuria. Sasa, kwenye simu, katika kikundi cha darasa langu la zamani, watu thelathini na kitu wakisoma, niliandika: Desemba nakuja kwa baiskeli. Mmoja akajibu kwa kuniuliza kama baiskeli itakuwa juu ya basi au mimi ndiye nitakuwa juu ya basi. Wakacheka siku mbili. Jaja wangu, mama yake Mama, ambaye bado yuko Mafubira, naye nikamwambia. Yeye hakucheka, alisema atanipikia kuku. Kwa hiyo nilikuwa na watu thelathini wanaongoja nianguke na kuku mmoja anayengoja nifike. Kurudi nyuma hakukuwepo.

Hapa lazima nieleze kitu kuhusu lugha, vinginevyo hutaelewa jinsi nilivyokuwa mbuzi.

Nyumbani tunasema Lusoga. Kwa Lusoga tunakula, tunagombana, tunaombana chumvi. Kiswahili ni cha Baba na ni cha amri. Tunaishi kwenye kota za askari, na huko Kiswahili hakitumiki kuulizia habari za asubuhi. "Amka!" "Toka!" "Funga!" Na neno lililo kubwa kuliko yote, "Simama!" Mlinzi wa getini akisema simama, unasimama hapo hapo ulipo, hata kama ndoo iko kichwani na nzi yuko puani. Jioni filimbi ya bendera ikilia, mtu yeyote aliye uwanjani anaganda. Nimewahi kuganda na sabuni machoni. Nadhani nilijua kusimama kwa amri kabla sijajua kusimama kwa miguu. Jaja huko Mafubira hataki hata kukisikia Kiswahili; anasema kiliingia nyumbani kwake mara moja zamani kikiwa kimevaa buti, na tangu siku hiyo hajakipa kiti. Mimi nakipenda. Nakisoma shuleni, nakiandika, nakitania. Lakini miguu yangu haijasoma shuleni. Miguu yangu imesoma kota.

Baada ya kumsumbua Afande miezi mitatu, akachoka. "Sawa," alisema. "Jumamosi panda Wanale. Mguu ikigusa, Busiu mpaka uolewe."

"Na isipogusa?"

"Itagusa."

Tulipanda wote kumi na moja. Sitajidai kwamba ilikuwa rahisi. Kwenye mlima ule unaanza kwa kufikiri habari za maisha yako, halafu unafikiri habari za mapafu yako, halafu hufikiri kitu, unatazama tairi la mbele tu kama ng'ombe anavyotazama majani. Nilimpita kijana mmoja. Nikampita wa pili. Nyuma yangu alikuwa mtoto wa mchinjaji, yule mwenye shingo nene ambaye jina lake lilikuwa kwenye ukurasa wa Wanale tangu mwaka jana, akihema na kunitania kwa zamu.

"Magereza, unatoroka?"

"Nifuate ukaripoti," nikamjibu, ingawa pumzi ya kujibu nilikuwa nimeikopa.

Tukafika kwenye kona ambayo vijana wanaiogopa, ile inayopinda ikiwa imesimama kama ngazi. Mwendo wangu ukafa. Baiskeli ikaanza kuyumba. Na nyuma, juu ya mngurumo wa pikipiki, sauti ya jeshi zima:

"Wewe toto ya magereza! Simama! Simama!"

Nikasimama.

Yaani nilifunga breki, nikashusha mguu wa kushoto, nikashusha wa kulia, nikabana visigino, kifua mbele, macho mbele. Baiskeli katikati ya mapaja. Nilikuwa nimeganda vizuri sana. Kama pangekuwa na bendera ningepewa cheo.

 Halafu mtoto wa mchinjaji akacheka mpaka naye nusura aguse.

Afande akazima pikipiki. "Mimi nasema simama, wewe nasimama?"

"Ndiyo, Afande."

"Simama juu ya pedali! Nyanyua matako! Simama upande mlima!"

"Hukusema pedali. Hukusema matako."

"Nani nasimama chini katikati ya mlima?"

"Mtu aliyeamriwa asimame."

Alinitazama kama mtu anayetafuta msumari kwenye tairi. Nadhani kwa dakika moja hivi alijua kwamba nina haki. Lakini vijana waliokuwa karibu walikuwa wanasikiliza, na mtu aliyetoa amri miaka yote hiyo haanzi kuzirekebisha mbele ya watu wenye ndevu za kuahidi.

"Mguu imegusa," akasema. "Kanuni ni kanuni. Chunga mbuzi."

Basi nikachunga. Na kwa kuwa nilikuwa na hasira, nilichunga kwa moyo wote. Mlango wa kwanza nikalia "mee" ya kawaida. Mlango wa pili nikalia hadi mbuzi wa kweli akajibu kutoka nyuma ya jiko, na mwenye nyumba, mama mtu mzima, akatoka na mwiko mkononi, akanisalimu.

"Mulembe. We mwana, umepoteza mbuzi?"

"Mulembe, mama. Sijapoteza. Ndiye mimi."

Alinitazama, akaitazama baiskeli, akasema mambo fulani ya Kigisu ambayo sikuyaelewa ila yalihusu wazazi wangu. Kufika mlango wa kumi nilikuwa na watoto kama ishirini nyuma yangu, wote wanalia mee, na wale vijana waliokuwa wamefika juu wakasikia kundi zima la mbuzi likipanda mlima. Wakaacha kucheka kidogo. Ni vigumu kumcheka mtu anayefurahia adhabu yako. Sikuwa nafurahia. Nilikuwa nataka kulia kile kilio kingine, kisicho na mee. Ila hilo halikuwa limeandikwa kwenye kanuni, kwa hiyo sikulifanya.

Jumatatu nilimpelekea kesi mwalimu wetu wa Kiswahili, kijana kutoka ng'ambo ya Busia, upande wa Kenya, mtu anayependa sarufi kuliko chakula cha mchana.

"Swali zuri," alisema, akitafuta chaki. "Kusimama ni kuacha kwenda, na pia kusimama ni kuacha kukaa. Maana zote mbili ni sahihi."

"Kwa hiyo nani alikosea, mimi au Afande?"

"Inategemea muktadha."

"Muktadha ulikuwa mlima, mwalimu."

"Basi nyote wawili mko sahihi," akasema kwa furaha, kama aliyetupatia zawadi.

Jioni nikampelekea Afande hukumu hiyo, mwenyewe nikiwa nimevaa sare ya shule. Alikuwa ananyoosha spoki. Hakuinua kichwa.

"Mwalimu yako napanda Wanale?"

"Hapana, lakini—"

"Basi."

Nikabaki pale. Sikuwa na mpango wowote. Mpango ulikuja wenyewe, ukaingia kwanza miguuni. Nikaweka mkoba chini, nikasogea mpaka mbele ya kibanda chake, mahali ambapo kila mteja lazima apite, nikabana visigino. Kifua mbele. Macho mbele.

Baada ya muda akauliza, "Unafanya nini?"

"Nimesimama."

"Nenda nyumbani."

"Jumamosi uliniamuru nisimame, Afande. Mpaka leo hujaniambia niache."

Mama wa mihogo akaachilia kicheko ambacho kilizima nusu ya moto wake. Nilisimama mpaka giza lilipokaribia, nikaenda nyumbani. Jumanne baada ya masomo nikarudi, nikasimama. Watu wakaanza kuuliza. Mwenye pampu iliyoharibika akauliza, mwenye tairi lililotoboka akauliza, na jamaa wa kuchaji simu, ambaye alijifanya wakili wangu, akawa anajibu wote: "Huyu anangoja amri. Mzee alimsimamisha akasahau." Jumatano mvua ikanyesha, ile mvua ya Mbale inayokuja kutoka mlimani ikiwa na haraka zake. Mama wa mihogo akaniita chini ya turubai. Sikwenda. Akanitumbukizia kipande cha muhogo mdomoni kama anayelisha sanamu.

"Mzee," akamwambia Afande, "huyu akikufia hapa mimi nitasema nilikuona."

"Hajafa. Anatafuna," Afande akasema.

Alhamisi Baba akapita.

Nilimwona kwa pembe ya jicho, sare ya magereza, baiskeli yake nyeusi ya kazini. Mtu akamwambia, bila shaka. Mbale mtu akikohoa Namatala wanamwandalia dawa kota. Alishuka akaja mpaka mbele ya uso wangu. Jamaa wa simu akaacha uwakili ghafla, akaanza kupanga chaja.

"Nani alikupa amri?" Baba akauliza. Kwa Kiswahili.

"Huyu afande, afande." Kwa Kiswahili Baba naye ni afande.

"Amesema nini?"

"Simama."

"Ameifuta?"

"Bado, afande."

Baba akamgeukia yule mzee. Nilijua sasa nitakokotwa kwa sikio. Badala yake Baba akapiga saluti moja safi, wakatazamana kama watu wawili wanaofahamu jambo ambalo sisi wengine hatukupewa, akapanda baiskeli yake akaondoka. Mle nyumbani hakusema neno, si kwa Kiswahili wala Lusoga. Ila usiku huo kichwa cha samaki, ambacho ni chake tangu dunia iumbwe, nilikikuta kwenye sahani yangu.

Ijumaa Afande alitoka kibandani akifuta mikono kwa kitambaa chenye grisi. Wateja walikuwa wanne. Hakuwatazama.

"Mguu pande!" akasema.

Nikatoa mguu wa kushoto pembeni, mikono nyuma. Hiyo ndiyo amri ya kulegea; ile ya Jumamosi ikawa imefutwa.

"Kesho, mnara wa saa, saa kumi na mbili na nusu. Mara moja tu. Ikigusa, sitaki kuona wewe hapa hata kwa kununua pampu."

"Ni ya Busiu, Afande?"

Akanirushia kile kitambaa.

Usiku sikuwaza mapafu. Mapafu yalikuwa sawa, yalinifikisha kwenye kona mara ya kwanza na yangenifikisha tena. Tatizo lilikuwa miguu, ile miguu iliyosoma kota. Nilijua kabisa kwamba Afande atapiga kelele pale pale, kwa maana mtu huyu hajui kupanda mlima kwa mdomo uliofungwa, na nilijua kwamba kabla akili yangu haijafungua mlango miguu itakuwa imeshasimama nje. Dawa ilikuwa moja. Asubuhi nilimkuta mtoto wa mchinjaji kwenye mnara; Afande alikuwa amemwita awe shahidi. Nikamwonyesha vipande vya mpira nilivyokata kutoka kwenye tyubu ya zamani.

"Nifunge miguu kwenye pedali," nikamwambia. "Haraka, kabla hajafika."

"Una wazimu? Ukianguka?"

"Kwenu si mnafunga ng'ombe?"

"Ng'ombe hapandi Wanale." Lakini tayari alikuwa amepiga magoti. Alifunga kama fundi, mizunguko minne kila mguu, akashusha suruali yangu ya michezo ikafunika mafundo. "Hapa ndipo ng'ombe huanza kulia," akaniambia, na huo ulikuwa ndio wema wake wa kwanza kwangu. Akanishikilia mpaka pikipiki ikasikika, akanisukuma.

Mvua ya wiki nzima ilikuwa imeshusha udongo mwekundu barabarani. Nilipanda nikiuepuka. Nilipita nyumba zote nilizozililia, na yule mama wa mwiko alikuwa uani, akapaza sauti kuuliza leo mbuzi yuko wapi. Sikumjibu. Nilikuwa nazitunza pumzi kama karo. Kona ikaja. Mwendo ukaanza kufa kama mara ya kwanza, baiskeli ikayumba kama mara ya kwanza, na nyuma:

"Simama! Simama!"

Miguu yote miwili ilitii. Niliihisi ikivuta, mpira ukakataa. Ikavuta tena, mpira ukakataa tena. Ndipo akili ikafika mlangoni, ikasema, ana maana ya juu, mjinga wewe, juu! Nikanyanyua matako, nikasimama kwenye pedali kama alivyotaka tangu mwanzo.

Na uzito wangu wote ukahamia mbele, tairi la nyuma likabaki halina mtu kwenye tope, likazunguka bure mara mbili, na mimi nikalala upande wa kushoto, polepole, kama kabati.

Nilianguka na baiskeli yote. Nyonga ikagusa, bega likagusa, sikio likagusa. Nilikuwa nimelala barabarani bado nimepanda. Pikipiki ikazima. Buti zikaja mpaka karibu na pua yangu.

"Umegusa," Afande akasema. Sauti yake haikuwa na furaha, hilo nitalisema kwa haki.

"Nini kimegusa?"

"Wewe! Yote!"

"Kanuni inasema mguu."

Akapeleka mkono kwenye jaketi lenye daftari.

"Kalamu nyekundu, Afande. Mguu usiguse chini. Tazama mguu."

Akainama. Akapandisha suruali yangu, akaona mpira, akasema neno la kwao ambalo halikuhitaji tafsiri. Mguu wa kulia ulikuwa hewani unashangaa. Wa kushoto ulikuwa umefungwa juu ya pedali, na pedali ndiyo iliyokuwa imelala kwenye tope. Kati ya kiatu changu na Uganda palikuwa na nafasi. Ndogo, lakini nafasi. Afande akatoa kalamu mfukoni, akaipitisha chini ya kiatu changu. Ikapita. Akairudisha. Ikapita tena.

"Imepita," mtoto wa mchinjaji akasema, kisha akafunga mdomo wake mwenyewe kwa mkono.

Wakati huo huo wanaume watatu wa kushusha ndizi wakatokea juu ya kona, kila mmoja anaizuia baiskeli yake kwa mgongo na visigino maana mzigo wa mikungu unakwenda wenyewe. Wakasimama. Kwa maana ya kuacha kwenda.

"Mulembe! Huyu mwana mmemfunga kwa nini?"

"Nimejifunga mwenyewe, papa! Niinueni, msinifungue!"

"Acha!" Afande akasema.

"Inueni!" nikasema.

Sijui kwa nini walinisikiliza mimi. Labda kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa chini. Wawili wakaegesha mizigo yao, wakanishika, mmoja kwenye kiti na mmoja kwenye usukani, wakaniinua wima na baiskeli yangu kama mkungu mmoja zaidi. Halafu, kwa kuwa baiskeli haiwezi kuanza yenyewe kwenye mteremko wa namna ile, wakanikimbiza hatua sita na kuniachia.

"Hiyo ni kusukuma!" Afande akapiga kelele.

"Kanuni haikatazi!" nikapiga kelele bila kugeuka. "Kanuni ni kanuni!"

Nilisikia wale wanaume wakicheka nyuma yangu, na pikipiki ikikataa kuwaka mara ya kwanza, na ya pili. Sikio langu lilikuwa na tope, nyonga inaniwaka. Kutoka pale mpaka juu hakuna mtu aliyepiga kelele tena. Nilikuwa nazungusha pedali kwa ukimya wa ajabu, na nitakiri kwamba ukimya ule ulikuwa mzito kuliko amri. Miguu ilingoja kuambiwa kitu. Ikabidi niiambie mwenyewe, kwa Lusoga, lugha ya kuombana chumvi, na ikanielewa.

Senta ya ndizi kule juu ni uwanja mdogo wa udongo, vibanda vitatu, malori mawili yanapakia. Nikaingia. Hapo ndipo nilipogundua kwamba sikuwa nimewaza jambo moja: nitashukaje. Nikaanza kuzunguka uwanja. Afande akafika, akaegesha, akanitazama nikizunguka.

"Sasa shuka," akasema.

"Andika kwanza."

"Shuka, nitaandika."

"Nikishuka mguu utagusa, utasema umegusa. Andika kwanza!"

Nilizunguka mara ya tatu. Wapakiaji wakaacha kupakia. Mwanamke mmoja aliyebeba mtoto akasema kwa sauti, "Mzee, mwandikie huyo mtu, anatutia kizunguzungu." Mara ya nne. Mara ya tano mapaja yangu yakaanza kutetemeka, nikaapa kwamba nitazunguka mpaka Desemba yenyewe ije hapa juu inikute.

Afande akatoa daftari kwenye jaketi. Akaliweka juu ya tangi la pikipiki, akageuza kurasa, akapita Busiu, akafika. Akaandika. Aliandika muda mrefu kuliko jina langu.

"Soma!" nikamwambia nikipita.

Akasoma jina langu. Lote, na la ukoo.

"Na hayo mengine?"

Akajikohoza. "Kanuni namba mbili," akasoma, kwa sauti ya gwaride. "Mguu, matako, bega, sikio, hapana gusa chini. Kanuni namba tatu. Hapana funga mtu kama ng'ombe. Kanuni namba nne. Watu ya ndizi hapana saidia."

"Zinaanza lini?"

"Leo."

"Leo kabla yangu au baada yangu?"

Alifunga daftari. Akatazama bonde lote lile chini, Mbale ikiwa ndogo kama mtu ameimwaga, akanitazama mimi, ninayepita mbele yake kwa mara ya nane.

"Baada," akasema.

"Basi njoo unishike, Afande. Nimechoka."

Akaja. Akashika kiti kwa mkono mmoja, akachutama, akatoa kisu cha kibandani. Mafundo ya mtoto wa mchinjaji hayakufunguka, ikabidi ayakate, moja moja, taratibu, asinikate mguu.

"Desemba," akauliza bila kuinua kichwa, "utafunga tena?"

"Inategemea utapiga kelele gani," nikamwambia.